Kitanda cha springi cha splaisi za faiba: miezi minane, kutoka Nzuguni hadi Bahi

Simu iliingia saa moja kasoro jioni, muda ambao mtu mwenye akili timamu ameshavua buti. Wateja wa upande mmoja wa Nzuguni, intaneti inakuja inakata, inakuja inakata. Asubuhi iko safi, jua likifika utosini inayumba, usiku inatulia. Wiki nzima hivyo. Walishabadilishiwa ruta, wakabadilishiwa pigteli (kipande kifupi cha faiba chenye kichwa cha kuchomeka), na mmoja akaambiwa kuta za nyumba yake ni nene mno. Kuta na faiba wapi na wapi.

Mimi ni fundi wa faiba wa kujitegemea hapa Dodoma, mwaka wa saba huu. Nikapiga OTDR, kifaa kinachotuma mwanga ndani ya faiba na kuonyesha unapopotelea, kwa wimbi la nanomita 1310; mstari ukashuka kidogo kwenye kilomita 2.7, losi, yaani upotevu wa mwanga, ya desibeli 0.4. Nikapiga 1550, pale pale, desibeli 2.1. Kwa asiye wa kazi hii niseme tu kwamba splaisi, yaani pale nyuzi mbili za faiba zinapounganishwa, ikiwa mbovu hupoteza mwanga karibu sawasawa kwenye mawimbi yote mawili. Ukiona 1550 imezidi kwa mbali namna ile, achana na splaisi, kuna faiba imekunjwa mahali. Wimbi refu ndilo linalotoroka kwanza kwenye kona.

Asubuhi tukapanda nguzo, tukashusha klozha, kile kisanduku kinachohifadhi splaisi, tukafungua. Trei ya juu tu, sahani ya kulazia splaisi, ikatosha kutueleza kila kitu. Kile kishikio cha mpira kinachokuja bure na trei kilikuwa kimekauka kama soli ya kandambili iliyosahaulika juu ya bati. Slivu tatu, yaani mirija midogo inayolinda splaisi, zimeruka nje ya vijia vyake. Moja imekwenda kulala chini ya mfuniko, na faiba yake imejizungusha kwenye kinundu cha trei kwa mkunjo mdogo kuliko sarafu ya shilingi 200, wakati faiba hizi za kawaida za nje tunafundishwa tusizipinde chini ya nusu kipenyo cha milimita 30. Klozha nyeusi, juu ya nguzo, jua la Novemba la Dodoma. Plastiki inatanuka, mfuniko unakandamiza, wateja wanapiga simu. Usiku plastiki inasinyaa, mambo shwari.

Splaisi zenyewe? Nzima zote. Aliyezipiga alikuwa fundi mzuri, sijui ni nani, ila mkono wake ulikuwa umetulia. Alizilaza tu kwenye kitanda kibovu.

Ndiyo maana nikaanza kutafuta vitanda vingine. Jina la kikazi ni kishikio cha splaisi, lakini mimi nimezoea kusema kitanda, na hiki ninachokielezea leo ni kitanda cha springi. Kijana ninayemfundisha kazi alicheka siku nzima nilipolisema jina hilo mbele ya mteja.

Niliagiza Kariakoo mwezi Desemba. Mzigo ukapakiwa kwenye basi, nikaupokea stendi ya Nanenane ukiwa kwenye boksi la biskuti. Ndani vishikio 10, vya aina mbili, kwa sababu muuzaji alikuwa na vichache vya kila aina na mimi nilitaka kulinganisha. Aina ya kwanza nililipa shilingi 6,000 kimoja, ya pili 9,500.

Zote mbili zina kitako cha plastiki chenye vijia 12, kijia kimoja kwa slivu moja ya milimita 60. Tofauti iko juu. Ile ya bei nafuu ina bati moja pana la chuma kisichoshika kutu, linalosukumwa na springi mbili za kuzunguka, moja kila upande, na bati hilo ndilo linalobana slivu zote 12 kwa pamoja. Ile ya ghali haina bati pana. Ina vidole 12 vyembamba vilivyokatwa kwenye kipande kimoja cha chuma cha springi, kila kidole kinabana slivu yake na hakijali ya jirani. Nyuma ya kila kidole kuna mkia mdogo. Ukiukandamiza kwa dole gumba, kidole kinanyanyuka, unalaza slivu, unaachia.

Nitaanza na hilo la dole gumba, maana ndilo lililonishika kwanza. Kwenye kishikio cha mpira unahitaji mikono miwili, mmoja kushika trei na mwingine kusukuma slivu iingie, na ile kusukuma ndipo watu wanapoharibu kazi. Slivu inakataa, unaongeza nguvu, inaingia ghafla, na faiba ya mikroni 250 inayotoka mwishoni mwake inavutwa kidogo bila wewe kuona. Hiki cha vidole nakitumia kwa mkono mmoja. Mkono wa pili unaongoza faiba iingie kwenye mzunguko wake taratibu. Ukiwa juu ya ngazi, upepo wa Julai unakupiga vumbi usoni, mkono mmoja kuwa huru si jambo la anasa.

Halafu kinabana katikati tu. Nimepima, vidole vina upana unaogusa kama milimita 25 za slivu, zile za katikati, na ncha zote mbili zinabaki huru. Hapo aliyekichora alijua anachofanya. Ndani ya slivu kuna fimbo ndogo ya chuma inayolinda splaisi, kwa hiyo ukiibana katikati hakuna kinachoumia. Pa kuogopa ni pale faiba inapotokea nje ya slivu. Pale hapana chuma, kuna kioo na rangi yake tu.

Sasa nieleze siku kilipotuumiza.

Ilikuwa Ihumwa, klozha ya chini, kwenye chemba kando ya barabara ambako malori hayakomi. Kebo ya kori 24, yaani nyuzi 24 za faiba, trei mbili. Nilikuwa napiga splaisi, kijana analaza. Tunafuata mpangilio wa kawaida wa rangi: buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, samawati. Amefika ya tisa, njano. Amekandamiza mkia, ameweka slivu, lakini ameiweka imesogea mbele kama milimita 20, na akaachia kidole ghafla kama anayefyatua mtego wa panya. Nilisikia sauti ndogo sana, kama ukucha ukigonga glasi.

"Dada, nadhani imekaa."

"Hebu washa taa nyekundu."

Akachomeka ile kalamu ya mwanga upande wa pili. Pembeni kabisa ya kidole cha tisa pakawa na nukta nyekundu inang'aa kama kaa la sigara. Mwanga mwekundu ukikuonyesha jicho namna hiyo, faiba imekatika, imepasuka au imepindwa mno pale pale. Nikatazama kidole kwa kioo cha kukuzia. Ukingo wake ni mkali, umekatwa kwa mashine na haukulainishwa. Umetua juu ya faiba tupu, si juu ya slivu.

Makosa yalikuwa ya kijana? Nusu. Nusu ya pili namwachia aliyekitengeneza. Kifaa cha kulalia kioo chembamba kama unywele hakitakiwi kuwa na ukingo wa wembe. Siku ile ile nilichukua kipande cha msasa laini, ule wa namba 1000 tunaotumia kwa mambo mengine, nikalainisha vidole vyote 12 kimoja kimoja kabla ya kufunga trei ya pili, nikafuta unga wake kwa spiriti. Dakika 10 hivi. Tangu hapo kila kishikio kinachopita mikononi mwangu kinapigwa msasa nyumbani, jioni, nikiwa na chai. Ukikinunua, usikiingize kwenye trei kama kilivyotoka dukani.

Jambo jingine la mikono ya kijana, na hili nilifanya mimi mwenyewe pia, ni haraka. Slivu ikitoka kwenye tanuri la splaisa, ile mashine ya kuunganisha faiba, bado ina moto, ule utomvu wa ndani bado haujashika. Mpira haujali sana, lakini chuma cha springi kinaibana ikiwa laini na kinaacha bonde. Slivu yenye bonde nimeiona, nimeikata, nikapiga upya. Siku hizi nina kipande cha bati nalaza slivu tatu tatu zipoe kwanza, ndipo ziende kitandani. Fundi mwenye haraka kifaa hiki kitamkomesha.

Turudi kwenye aina mbili. Nilidhani tofauti ya shilingi 3,500 ni ujanja wa wauzaji, mpaka siku ya Bahi.

Katapila la barabara lilikuwa limevuta kebo, kilomita 50 na ushee kutoka mjini, na sisi tumefika mchana wa saa nane. Tumekaa chini ya mti wa miiba, turubai limefungwa kwenye mlango wa gari kuzuia upepo. Mzee mmoja mchunga mbuzi akasimama, "Mbukwenyi," tukaitikia, akachuchumaa kabisa kutazama. Baada ya muda akauliza, "Mnashona?" Nikamwambia ndiyo mzee, tunashona. "Sindano iko wapi?" Nikamwonyesha splaisa, kile kioo chake kikionyesha nyuzi mbili zimekuzwa zinakaribiana. Akatazama cheche ikiruka, nyuzi zikawa moja. Akasema kwa utulivu kabisa, "Hii siyo kushona, hii ni kuchomelea." Sijawahi kupata maelezo mafupi ya kazi yangu kuliko hayo.

Zikabaki kori mbili, betri ya splaisa ikafa. Chaja ya gari nimeiacha Kisasa nyumbani, mezani, karibu na funguo ambazo sikuzisahau. Ikabidi nitumie splaisi za kubana zisizotumia moto, zile ambazo nyuzi zinakutana ndani ya kidude chenye jeli. Losi yake ni kubwa kuliko ya kuchomelea, lakini usiku ule watu wangekuwa hewani, na ningerudi kesho kumalizia. Tatizo ni kwamba kidude hicho ni kinene kuliko slivu.

Trei niliyokuwa nimefunga ilikuwa na kishikio cha bei nafuu, cha bati moja. Nikaingiza kidude cha kwanza, bati likanyanyuka upande ule. Vizuri, kinashika. Kisha nikagusa slivu za jirani kwa ncha ya kalamu: nne zinacheza. Bati limepanda kwa sababu ya mmoja mnene na wembamba wote wamebaki bila wa kuwashika. Yaani springi mbili zenye nguvu, na slivu zinateleza kama watoto kwenye kitanda cha wageni.

Nikang'oa, nikaweka cha vidole, nikahamisha zote 12. Kila kidole kikashika chake, kinene kinene, chembamba chembamba. Mzee wa mbuzi alikuwa bado yupo, akasema, "Hiki ndicho chenyewe."

Na si splaisi za kubana tu. Slivu tunazonunua mtaani hazilingani. Pakiti moja zikishasinyaa zinakuwa na unene wa milimita 3, nyingine hazifiki 2.5. Ukichanganya pakiti mbili kwenye trei moja, na hapa kwetu nani hajachanganya, bati moja haliwezi kuzitendea haki zote. Kwa hiyo kile cha 6,000 sikipendekezi. Vilivyobaki nimevitumia kwenye visanduku vya ndani ya majengo, ambako slivu ni za pakiti moja na hakuna lori linalopita.

Kimo. Hapa nimwombe kila anayetaka kununua apime kwanza. Kishikio cha vidole kikiwa kimebana slivu kina kimo cha milimita 11, nimepima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Trei nyingi nilizonazo zina kina cha kutosha, ila kuna aina moja, nyembamba, ya kupangana kama kurasa za daftari, ambayo nafasi yake ni milimita 10. Mfuniko hauji. Ukiulazimisha, mikia ya vidole inakandamizwa, vidole vinanyanyuka, slivu zinakuwa huru ndani ya trei iliyofungwa, na wewe unaondoka ukijua umeacha kazi nzuri. Hiyo ni mbaya kuliko mpira. Niligundua kwa sababu niliufungua tena kuhesabu, nikakuta namba 4 imelala kifudifudi.

Tepu ya gundi chini ya kitako ni takataka. Sina neno jingine. Inashika vizuri dukani, inashika vizuri kwenye ubaridi wa Juni, na kwenye klozha ya juu ya nguzo mwezi wa kwanza inakuwa kama jojo. Kitako kizima kikateleza na slivu zake 12, jambo ambalo hata mpira haukuwahi kunifanyia, maana ule umechomekwa kwenye matundu ya trei. Kwa bahati kulikuwa na faiba ya akiba ya kutosha kwenye mzunguko, hakuna kilichokatika. Kitako kina matundu mawili ya skrubu, lakini skrubu hawakutuma. Nilipompigia muuzaji akanijibu, "Dada, watu wengi wanatumia gundi tu." Nikanunua skrubu fupi za shaba pale Majengo, za milimita 5, natoboa trei kwa mkono taratibu, nahakikisha ncha haitokezi upande wa pili ambako trei nyingine inalala. Gundi nimeibandua yote.

Muuzaji huyo huyo alinitumia kimoja ambacho kidole cha sita hakikuwa na nguvu kabisa, kimelegea toka kiwandani. Alikubali kubadilisha, ila nauli ya kurudisha juu yangu. Nikakiacha kama cha kufundishia kijana.

Wadudu nao niwataje, kwa kuwa hapa klozha isiyofungwa vizuri ni nyumba ya sisimizi. Vishikio vya mpira nimevikuta vimetafunwa pembe. Hivi vya chuma na plastiki ngumu havijaguswa, ingawa sisimizi wenyewe walikuwepo na mayai yao, wamejipanga kwenye vijia vitupu kama wao ndio wapangaji halali. Vumbi nalo linaingia chini ya vidole. Nabeba pampu ndogo ya mpira, napuliza kabla ya kulaza. Mchanga haudhuru slivu, lakini unafanya kidole kisitue sawasawa.

Mwezi huu wa Agosti nilirudi kwenye ile klozha ya Nzuguni iliyoanzisha safari hii, kwa sababu kuna mteja mpya anaongezwa. Ile ndiyo niliyoifunga kishikio cha vidole mara tu vilipofika. Imepitia mvua zote za Januari hadi Aprili, imepitia joto, sasa upepo wa kipupwe unaitikisa nguzo hadi inalia. Nikafungua trei huku najiambia nisitegemee makubwa. Slivu 12 zimelala vilevile nilivyoziacha, alama niliyoweka kwa kalamu ya wino kwenye kila slivu bado iko sambamba na ukingo wa kidole. Hakuna hata moja iliyosogea milimita. Hakuna kutu. Nikapiga OTDR, 1310 na 1550, nikafungua daftari la Desemba: ile namba ya kilomita 2.7 iliyokuwa na 2.1 sasa ni 0.03, kama siku nilipoiacha.

Na hapo nikaona faida ambayo sikuitarajia. Kumwongeza mteja mpya kulihitaji nitoe slivu moja, ya saba, bila kugusa nyingine. Kwenye mpira ukitoa moja, jirani zake wanalegea au wanatoka nayo, na kila ukifungua trei kijia kinazidi kupanuka. Hapa nilikandamiza mkia mmoja, nikatoa, nikakata, nikapiga upya, nikarudisha. Wateja wengine 11 hawakujua kama niko juu ya nguzo. Kwa anayefunga klozha mara moja na haifungui tena, sioni sababu ya kutumia 9,500. Lakini kwa mitaa yetu hii, Nzuguni, Ipagala, Nkuhungu, ambako nyumba zinaota kila mwezi na klozha moja inafunguliwa mara nne kwa mwaka, pesa hiyo inarudi.

Hesabu yangu ni nyepesi. Kebo ya kori 24 ni vishikio viwili, 19,000. Safari moja ya kurudi Bahi kwa ajili ya slivu iliyoruka, mafuta peke yake yanazidi hapo, na siku ile sijalipwa na mtu.

Nimeagiza vingine 20 vya vidole. Nimemwambia muuzaji skrubu ziwe ndani ya boksi, tepu abaki nayo. Amenijibu, "Sawa dada, nitaangalia." Salio atalipwa nikishakagua mzigo pale stendi. Kalipa nakwenda nayo.